Machela Haiulizi Dini



Kijana mmoja wa parokia yetu huku Walungu alitujia jioni baada ya masomo, moyo wake ukiwa mzito. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha sana, na mama mmoja jirani, muumini wa kanisa la Kiprotestanti, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ilipasa abebwe kwa machela mpaka kituo cha afya. Wachukuzi watatu walipatikana, wa nne akakosekana. Kijana wetu akatoka kitandani, akashika pembe ya nne. Kulipokucha, mzee mmoja wa ukoo akamkaripia akisema: "Wale wana vijana wao. Yakuhusu nini?" Basi akatuuliza: "Mwalimu, je, nimekosa?"

Hukukosa, mwanetu. Na kwa kuwa swali lako ni la vijana wengi wa milima yetu, twapenda kulijibu mbele ya wote.

Kwanza tutazame utengano huu watoka wapi. Mwaka 1977 Serikali ilipatana na madhehebu juu ya uendeshaji wa shule: hizi za Wakatoliki, hizi za Waprotestanti, hizi za Wakimbangu, na baadaye hizi za Waislamu. Mapatano hayo yaliwafungulia watoto wengi mlango wa elimu, nasi hatuyalaumu. Lakini mtoto aweza kuchota maji katika chemchemi moja na jirani yake, asimjue, kwa sababu wamesoma mbalimbali, wameimba mbalimbali, hata mpira wamecheza mbalimbali. Na asiyemjua mwenzake huamini upesi kila neno baya lisemwalo juu yake.

Vita havikujali mipaka hiyo. Mwezi wa Mei 2007, usiku, wenye silaha waliwashambulia watu wa Kaniola wakiwa wamelala, wakaua zaidi ya watu 10. Panga halikuomba cheti cha ubatizo. Wala tusiseme kwamba taabu zimekwisha, maana mwezi wa Februari 2025 mji wa Bukavu ulitwaliwa na kundi la M23. Kama maumivu ni ya wote, kwa nini dawa yake itafutwe na kila dhehebu peke yake?

Tunao mifano miwili karibu nasi. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, mzaliwa wa Burhale katika Walungu hii yetu, aliwatetea watu wa Bukavu pamoja na wakimbizi kutoka Rwanda, mpaka akauawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Daktari Denis Mukwege ni mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 imewatibu wanawake wengi waliodhulumiwa vitani, na wengi wao walitoka Walungu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad, binti wa dini ya Wayazidi wa Iraki. Mmoja Mkatoliki, mmoja Mprotestanti. Wote wawili walimtazama mtu kwanza.

Labda mzee wetu atauliza: "Je, huku si kuchanganya dini?" Hasha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1964 kutafuta umoja na Wakristo wenzetu, na mwaka 1965 kuwaheshimu Waislamu na kushirikiana nao kwa ajili ya haki na amani. Aliyeshika machela hakuacha sala yake, aliitimiza. Hata mapema mwaka 2025 maaskofu wetu Wakatoliki na viongozi wa Kanisa la Kristo katika Kongo, lenye kuunganisha Waprotestanti, walisimama pamoja kuwahimiza wanaopigana wakae wazungumze. Wakubwa wakiweza kwenda njia moja, vijana washindweje?

Nasi twasema vijana watangulie, kwa sababu wenye silaha nao huwatafuta vijana kwanza. Kijana asiye na kazi wala rafiki ng'ambo ya mto ni mawindo mepesi. Basi, vijana wa Xaveri, chama kilichozaliwa Bukavu mwaka 1952, nanyi wanakwaya na wanafunzi, sikilizeni mambo matatu.

La kwanza, anzeni na jembe wala si na hotuba. Chagueni daraja lililovunjika au njia iliyokatwa na mvua, mkaifanyie salongo pamoja na vijana wa makanisa mengine na wa msikiti. Kutaneni uwanjani, pasipo mwenyeji wala mgeni. Na kama kuna fedha za kutunza, zihesabiwe mbele ya wote.

La pili, uvumi usipite mikononi mwenu. Mkisikia kwamba watu fulani wanapanga ubaya, watumeni wawili wenye busara, wa dini mbili, wakaulize wazee wa pande zote kabla neno halijaenea. Uongo mmoja waweza kuchoma nyumba nyingi.

La tatu, zikaneni. Siku ya msiba wa jirani, nendeni mkachimbe kaburi, mkateke maji, mkakae na wafiwa. Wagomvi wengi walipatana kaburini kuliko mkutanoni.

Hayo hayatafukuza majeshi kesho asubuhi, tusidanganyane. Lakini siku mtu atakapokuja kuwaambia, "Wachukieni wale," mtakuwa mmekwisha kuyajua majina yao na uzito wa mizigo yao.

Kijana yule tulimwambia arudi kwa mzee wake kwa heshima, amsimulie habari yote. Juma lililofuata alitujia tena akicheka. Mzee alikuwa amenyamaza kitambo, kisha akauliza neno moja tu: "Na mtoto, ni mzima?"

Ni mzima.