Kuwekewa chuma mguuni si kupona: mfupa unaomba muda

Kati ya Butembo na Beni, barabara ya kitaifa namba 2 ina kilometa karibu 54. Pikipiki zinapita humo zikibeba abiria, mbao, magunia ya maharagwe na hata wagonjwa. Ajali zinavunja miguu, na risasi za vita zinavunja mingine. Familia inauza mbuzi au kipande cha shamba ili ndugu apasuliwe na kuwekewa chuma. Siku anapotoka hospitalini, majirani wanasema amepona. Hapana. Kazi ya mfupa ndiyo kwanza inaanza.

Chuma hakiponyeshi mfupa. Kinaushikilia tu, ili ujijenge wenyewe. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliona kwamba mfupa wa sungura ulishikamana kabisa na titani. Mwaka 1965 alimwekea mtu wa kwanza meno yaliyosimama juu ya skrubu za madini hayo. Leo titani inatumiwa kwa meno, kwa nyonga na kwa mifupa iliyovunjika, ingawa vyuma vingine vya miguu ni vya inoksi.

Lakini mfupa una masharti yake. Skrubu ya titani ikichezacheza zaidi ya sehemu 15 za mia za milimita moja, yaani kama unene wa nywele mbili, nyama laini inaota mahali pa mfupa, na skrubu inalegea. Tumbaku inabana mishipa ya damu inayolisha kidonda. Ugonjwa wa sukari usiotunzwa unachelewesha mfupa na kufungulia vijidudu mlango. Vijidudu vikishafika kwenye chuma, dawa peke yake mara nyingi haiviondoi, na chuma kinabidi kutolewa. Daktari naye ana sehemu yake: akitoboa mfupa bila kuupoza kwa maji safi ya chumvi, joto likifika digrii 47 kwa dakika moja, mfupa wa karibu unaumia.

Hatari kubwa inakuja wakati maumivu yamepungua. Kwa skrubu za meno, ambazo zimechunguzwa sana, mshiko wa kwanza unapungua karibu na wiki ya tatu au ya nne, kwa sababu mfupa wa zamani unaondoka na mpya bado ni laini. Mguu uliovunjika nao unaomba miezi, si wiki. Lakini ni wakati huohuo dereva wa pikipiki anapoambiwa na mwenye pikipiki kwamba pesa ya kila siku imekosekana. Mwingine anapelekwa kwa mtu wa kukanda, na mfupa uliotaka kutulia unasogezwa tena.

Kumlaumu mgonjwa hakutoshi. Anayeogopa deni la hospitali harudi kupigwa picha ya mfupa. Anayekaa upande wa Oicha anapima kwanza kama njia ina usalama. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Hospitali za Butembo na Beni zitaje bei moja tangu mwanzo, ikiwa na kuosha kidonda, picha na siku za kurudi. Mashauri yatolewe kwa maandishi, kwa Kiswahili na Kinande, si kwa Kifaransa peke yake. Vyama vya madereva wa pikipiki viweke sanduku la kumlisha mwenzao aliyevunjika, ili asirudi barabarani mbele ya wakati.

Na nyumbani, maharagwe, soya, mayai na lengalenga vina faida kuliko sigara na kasiksi. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, miji yetu ilizoea kunawa mikono kila mlango. Anayegusa kidonda chenye chuma afanye vilevile.

Familia iliyouza shamba kwa ajili ya mguu haina shamba la pili la kuuza.