Namba mbili za Ngorongoro

Kila mjadala wa Ngorongoro unapoibuka, namba mbili hutangulia. Mwaka 1959 wakazi wa hifadhi walikuwa 8,000. Mwaka 2022 serikali ilitaja zaidi ya 100,000. Msemaji akishazitaja hana haja ya kuongeza neno, kwani msikilizaji humalizia mwenyewe: watu wamezidi, waondoke.

Namba zenyewe si za uongo, ila hazijawekwa kando ya namba nyingine. Tanganyika ilikuwa na watu wapatao milioni 8.8 mwaka 1957, na sensa ya 2022 ikahesabu milioni 59.8 Tanzania Bara. Hilo ni ongezeko la karibu mara saba. La Ngorongoro linazidi mara 12. Kwa hiyo watetezi wa uhifadhi bado wana hoja, lakini ni ndogo kuliko inavyosikika jukwaani.

Kinachoachwa ni suala la chakula. Mifugo haikuongezeka kwa kasi ya watu, hivyo ng'ombe kwa kila kaya wamepungua. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, kikazuiwa tena 2009. Mfugaji mwenye ng'ombe wachache, asiyeruhusiwa kulima, hununua mahindi ya Karatu na kwingineko, na bei ya debe ikipanda huuza mbuzi wa ziada. Mchambuzi anayeandika kuwa umaskini umekithiri Ngorongoro bila kutaja marufuku hiyo anageuza matokeo ya sera kuwa tabia ya watu.

Upande wa pili nao una namna yake. "Tumeishi hapa tangu enzi" ni kauli tamu, ingawa Wadatoga walikuwepo kabla ya Wamaasai, na ukongwe haujibu swali la malisho.

Lakini neno lililobeba mzigo mkubwa kuliko yote ni "hiari". Ndivyo ulivyoelezwa uhamaji wa kwenda Msomera, Handeni, ulioanza mwaka 2022. Miezi michache kabla, fedha zilizotengwa kwa shule za Ngorongoro zilielekezwa Handeni. Mzazi ambaye fedha za darasa la mwanawe zimeshatangulia Handeni huchagua nini hasa? Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi Ngorongoro, nyingine ya kutathmini uhamaji huo. Katika jina la hiyo ya pili, neno "hiari" limo tayari.