Nani Amemmeza Shing'weng'we?

Imekuwa ada, kila panapozungumzwa kufifia kwa ngano, kutafutwa mshitakiwa mmoja na kukutwa pale pale: mtoto ameinamia kioo cha simu, anarusha risasi na kuruka mashimo, na bibi yake amekaa kando hana wa kumsimulia. Hukumu hupita kabla ya ushahidi. Mchezo wa kompyuta, husemwa, ndio uliozika ngano. Na waliosema hivyo huondoka barazani wakijiona wameutetea utamaduni. La hasha. Wamemshika asiyehusika, na mhusika wamemwacha aende zake.

Shauri hili lipimwe Nyashimo. Mji huo mdogo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, upo kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, upande wa Ziwa Victoria. Zamani ulihesabiwa chini ya Magu na Mkoa wa Mwanza, mpaka ulipoundwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012 na Bariadi ikawa makao yake makuu. Lakini mipaka ya mikoa haikubadilisha kitu kimoja: hapo ni Usukumani, na Usukumani ndiko nyumbani kwa Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao yote. Akabaki mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha ndani ya makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, mwerevu mwepesi wa kuelewa. Mtoto akauliza watu wengine wako wapi. Alipoelezwa, akatoka kwenda kumtafuta adui. Akarudi na panzi: mama, huyu ndiye? Siye. Akarudi na ndege. Siye. Akarudi na paa. Siye bado. Hatimaye akamuua mwenyewe, akampasua tumbo, na watu wakatoka wazima.

Msomaji wa Visiwani ataitambua ngano hii mara moja, kwa kuwa anaye ndugu yake Shing'weng'we nyumbani. Katika ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere, kitabu kikachapwa London mwaka 1870, yumo Nunda, mla watu: paka wa sultani aliyeachiwa ale mifugo, kisha watu, mpaka akawala na watoto wa sultani. Kijana wa mwisho anatoka kumwinda, na kila anachoua anamletea mama yake, na kila mara mama anamjibu kuwa huyo siye. Ni mwendo ule ule: mnyama mdogo, mnyama mkubwa kidogo, mnyama mkubwa zaidi, na kila hatua ina mtihani wake na jibu lake. Mtu aliyewahi kushika mchezo wa kompyuta japo mara moja hahitaji kufafanuliwa zaidi. Muundo ambao makampuni ya Japani yameuuza kwa miongo kadhaa ulikwisha kukamilika kando ya moto, wala haukumgharimu msikilizaji senti.

Basi utazamwe mchezo wenyewe, na uchaguliwe ulio bora, kwa sababu ni dhuluma kuihukumu sanaa kwa takataka zake. Mwaka 1991 kampuni ya Nintendo ilitoa *Metroid II: Return of Samus*, kwa mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy. Samus Aran, mwanamke mwindaji aliyevaa deraya, anatumwa kwenye sayari ya mbali kuwamaliza viumbe wanaoitwa Metroid. Kioo kilikuwa kidogo, hakikuwa na rangi ila vivuli vinne vya kijani kibichi. Umbo la Samus lilikijaza kioo kiasi kwamba mchezaji haoni mbali, na ramani hapewa. Anatambaa mapangoni kama kipofu. Pembeni mwa kioo ipo nambari ya waliobaki, nayo inashuka kila anapoua. Mwishoni, yai linapasuka mbele yake, na kinda la Metroid linamfuata likimdhani mama yake. Mwindaji aliyeua kizazi kizima anashindwa kuliua hilo moja. Wanatembea pamoja mpaka kwenye chombo chake, bila adui yeyote njiani, na mchezo umekwisha. Anayesema hapo hamna fasihi, na aseme fasihi ni nini.

Mwaka 2017 kampuni hiyo, ikishirikiana na watengenezaji wa Kihispania, MercurySteam, iliisimulia upya hadithi hiyo kwa mashine nyingine ya mkononi, Nintendo 3DS. Kusimulia upya si kosa. Hakuna ngano iliyoishi bila kusimuliwa upya. Rangi zikaongezwa, ramani ikawekwa, na Samus akajua kumpiga adui anayemrukia kwa pigo la kurudisha. Yote hayo ni haki ya msimulizi. Lakini baada ya kinda kuanguliwa, pale pa ukimya, wakamleta Ridley, adui wa michezo mingine, wakaanzisha vita kubwa ya kufungia kazi. Huo ni usimulizi wa mtu asiyeiamini ngano yake. Ni sawa na fanani ambaye tumbo la Shing'weng'we limekwisha kupasuliwa, watu wanatoka, naye kwa kuogopa wasikilizaji wasisinzie akaleta zimwi la pili.

Na hapo Usukumani unaishinda Japani. Masala Kulangwa alipopasua lile tumbo, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwamo ndani. Kikongwe hakushukuru. Alikasirika, akataka kumdhuru kijana aliyemwokoa, na shujaa ikambidi atafute dawa ya kumponya. Ushindi wote, na mwishowe sikio! Hiyo ni hekima ambayo hakuna mtengenezaji wa michezo aliyeikaribia, isipokuwa wale wa 1991 na kinda lao.

Sasa arejewe mhusika aliyeachwa aende zake. Miaka ipatayo kumi kabla ya 2016, Milton Guasti, raia wa Argentina, alikuwa akiitengeneza upya hadithi hiyo hiyo ya Samus kwa mikono yake, kwa mapenzi tu, akisaidiwa na wapenzi wenzake. Aliitoa bure mwezi Agosti 2016, mchezo wa kwanza wa Metroid ulipotimiza miaka 30. Katika muda wa siku chache tu barua za wanasheria wa Nintendo zilikwisha kufika, na kazi ikaondolewa mahali ilipokuwa ikigawiwa. Sheria ilikuwa upande wa kampuni, hilo halibishaniwi. Linalobishaniwa ni uungwana. Na lililofuata ni hili: utengenezaji wa mashine za 3DS ulikoma mwaka 2020, na tarehe 27 Machi 2023 duka lake la mtandaoni likafungwa kwa wanunuzi. Tangu siku hiyo, anayetaka masimulizi rasmi ya 2017 kwa mashine hiyo hana budi kutafuta kaseti za mkononi mwa watu. Mwenye mali alimzuia mpenzi asisimulie, kisha naye mwenyewe akaifunga baraza. Kumeza ndiko huko.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wajapani na Waargentina. Si kweli. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake imo sehemu ya kulinda sanaa za jadi; nia yake ni njema, mgeni asije akachukua ngoma na ngano akazifanya bidhaa yake. Lakini yako mawazo, na yamekaa vichwani mwa wasomi wengi kuliko yalivyokaa katika sheria, kwamba kulinda ni kufungia. Ngano inachukuliwa kwa bibi wa kijijini, inaandikwa katika tasnifu, tasnifu inawekwa rafuni chuoni, na bibi na wajukuu zake hawaioni tena. Kisha mwenye tasnifu anapanda jukwaani kulaumu simu! Kijana wa Busega anayo simu mfukoni, na ndani ya simu hiyo yumo kila shujaa wa dunia isipokuwa Masala Kulangwa. Nani alimnyima? Si simu.

Wakenya, kwa upande wao, walithubutu. Mwaka 2015 ulitoka mchezo wa *Nairobi X*, kazi ya Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games, ambamo mji wa Nairobi unavamiwa na viumbe wa kutoka anga za mbali. Ni jambo la kupongezwa kwamba mitaa ilikuwa ya Nairobi. La kusikitisha ni kwamba mvamizi aliletwa kutoka senema za Marekani, hali Afrika ya Mashariki inayo mazimwi yake ambayo hayajalipwa hata siku moja.

Hoja moja ya wapinzani ina uzito, na haifai kupitiwa juu juu. Ngano, wanasema, ni kinywa na sikio. Msikilizaji huitikia, huimba pamoja na fanani, na kioo hakiitikiwi. Ni kweli. Pale Masala anapomuuliza mama yake, Samus anaitazama nambari pembeni, na nambari haina sauti. Lakini hiyo ni hoja ya namna ya kutengeneza, si hoja ya kuacha. Mchezo wa Shing'weng'we ukitengenezwa, usiwe na nambari. Mchezaji arudi kwa mama kila mara na alichokiua, amtupie miguuni, na mama amjibu kwa Kisukuma, kwa sauti ya mwanamke wa Busega aliyeizoea ngano hiyo na aliyelipwa kwa kazi yake. Utolewe bure au kwa bei ya vocha, kwa simu za bei nafuu, na atakayetaka kuusimulia upya Maswa, Magu au Makunduchi, akamweka Nunda mahali pa Shing'weng'we, asipelekewe barua ya mwanasheria. Na kikongwe aliyekatwa sikio asiachwe nje.