Picha Hata Si Zako

Jibu lake lilikuja na vikatuni vitatu vya kucheka: "Picha hata si zako, boss."

Nilikuwa nimemwandikia mwenye ukurasa mmoja wa Facebook, ukurasa wenye wafuasi wengi kushinda watu wote ninaowajua, nikimwomba aiondoe hadithi yetu au angalau aandike majina yetu chini yake. Hadithi yenyewe ina picha 62. Zote tulizipiga ndani ya gemu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mimi na mabeshte wawili, nyuma ya kinyozi hapa Karurumo. Yeye aliibeba nzima, akafuta majina, akabandika nembo yake kwenye kila pembe. Na nilipomuuliza, hakukana. Alinipa somo la sheria. Picha ni za kampuni ya gemu, kwa hivyo wewe pia ni mwizi, na mwizi akiibiwa haendi kwa polisi.

Ningemwacha aende zake kama ni yeye peke yake anayefikiri hivyo. Lakini wiki hiyo hiyo nilisikia maneno hayo hayo kutoka kwa watu wanne, wawili wao marafiki zangu, mmoja wao mwandishi. Kwa hivyo wacha tuongee.

Kwanza hadithi ilitoka wapi. Karurumo ni soko la upande wa Runyenjes, Kaunti ya Embu. Huku tuna kahawa, tuna mahindi, na tukishuka kidogo tuna muguka, ule ule ambao Mombasa iliupiga marufuku Mei 2024 na mahakama ikasimamisha marufuku hiyo. Jani la muguka likishachumwa linaanza kufa. Likifika Pwani limenyauka, hasara ni ya mwenye mzigo, ndiyo maana dereva wa Probox hukanyaga mafuta zaidi ya kilomita 600 bila kufunga jicho. Kaka ya beshte yangu alikuwa dereva wa namna hiyo. Usiku mmoja hakufika, na hakurudi.

Tulitaka kuusimulia usiku ule. Kamera hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo, hakuna kati yetu angesimama pale barabarani kupiga picha mahali ambapo mama yake hupita akiangalia upande wa pili. Tulichokuwa nacho ni Bus Simulator Indonesia. Kama huijui, huna mdogo wako nyumbani. Ni gemu ya kampuni ya Maleo ya Indonesia, ilitoka 2017, na inamruhusu mchezaji kuingiza gari lililoundwa na mtu mwingine na kulipaka rangi anazotaka. Vijana wa Kenya waliijaza matatu na mabasi yetu hadi ukiwasha simu unadhani uko stendi ya Embu. Probox tuliipata pia, kuna msee aliiunda akaitoa bure.

Ilituchukua miezi miwili. Watu hudhani skrinshoti ni kubonyeza vitufe viwili basi. Picha ya 31, ile ya taa za lori zikija kwenye mvua, tuliipiga mara zaidi ya mia. Tulikuwa tunangoja gemu ilete mvua usiku, tunangoja lori litokee upande unaofaa, tunageuza jicho la kamera ya gemu hadi dereva asionekane uso, kwa sababu yule mdogo alisema kaka yake asipewe uso wa katuni. Kisha maneno. Maneno tuliyaandika kwa Kiswahili na Kiembu, tukayafuta, tukayaandika tena.

Sasa turudi kwa profesa wetu wa Facebook. Nusu ya anachosema ni kweli, na nusu hiyo wacha nimpe. Gemu ina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi, inalinda michoro, inalinda kazi za picha na sauti. Kenya imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1993, kwa hivyo kazi ya mtu wa Indonesia inalindwa hapa Karurumo kama ya mtu wa Karurumo. Picha yetu moja ina wenyewe kadhaa: aliyeunda barabara na mvua, aliyeunda Probox, aliyechora stika ya nyuma ya gari, na sisi. Sijifanyi sioni.

Uongo uko kwenye nusu ya pili. Sheria hiyo hiyo inasema kazi haikosi hakimiliki kwa sababu tu ilipotengenezwa ilikiuka hakimiliki ya kazi nyingine. Soma tena polepole. Hata kama tulikosea kwa Maleo, na hilo ni la Maleo kulalamikia, hadithi yetu bado ni yetu: maneno, mpangilio, picha ipi ifuate ipi, lori litokee ukurasa upi. Kipimo ambacho sheria imeweka ni kama umetia juhudi ya kutosha kuipa kazi sura yake mwenyewe, na kama umeiweka katika umbo linaloshikika. Miezi miwili na mvua ya mia moja ni juhudi gani kama si hiyo? Na haki hiyo haingojei karatasi. KECOBO, bodi ya hakimiliki, husajili kazi na ukiweza isajili, itakusaidia siku ya ushahidi, lakini hakimiliki huzaliwa yenyewe pale kazi inapowekwa katika umbo linaloshikika. Haki ya kutajwa jina nayo imo ndani ya sheria. Mwenye kufuta jina langu hajamwibia Mwindonesia chochote. Ameniibia mimi.

Kwa hivyo hiyo "mwizi akiibiwa" ni kelele za mtaa, si sheria. Marekebisho ya 2019 hata yaliweka njia ya kupeleka ilani ili kazi iliyoibwa iondolewe mtandaoni. Tumeanza kuijaza.

Lakini aliyeniudhi zaidi si yeye. Kabla ya haya yote tulipeleka hadithi kwa jarida moja, silitaji, ambalo hupenda kusema linatafuta sauti mpya za vijana wa mashinani. Mhariri alijibu kwa heshima kwamba hawachapishi picha za gemu "kwa sababu za hakimiliki", na kwamba tukiwa na kipaji tuchore zetu. Sawa. Nikafungua toleo lao la mwezi huo. Insha ya kwanza ilikuwa imepambwa na picha ya filamu ya Marekani, insha ya tatu na picha ya mwanamuziki iliyookotwa Google, bila jina la mpiga picha. Hakimiliki kwao ni kama lile lango la shule linalofungwa saa mbili kamili: waliochelewa ni wale wanaotembea kwa miguu.

Na hii ya "chora zako" imenichosha. Ni nani aliyewaambia wasomaji wa Dar es Salaam wa miaka ya 1990 wachore zao? Joshua Amandus Mtani alichukua filamu ya Titanic ya 1997 akaifanya kitabu cha katuni cha Kiswahili, Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic, na leo wasomi wa Ulaya wanaandika juu yake. DJ Afro alichukua filamu za Wachina na Wahindi akazisimulia upya kwa Kiswahili chetu, na nusu ya Kenya imekulia kwenye mabanda ya video ikimsikiliza. Sisemi walikuwa sawa mbele ya sheria. Nasema kila mtu aliyekunywa maji ya kisima hicho aache kujifanya hajui njia ya kwenda huko. Hata neno tunalolitumia, pichadithi, tumelirithi kutoka vitabu vya katuni vya Nairobi vya miaka ya 1980. Wao walikuwa na kalamu na wino. Sisi tuna simu na bando ya shilingi ishirini.

Halafu kuna makampuni yenyewe. Wanaodhani makampuni ya gemu ni watakatifu wa hakimiliki waisome kesi ya NBA 2K. Gemu ile huonyesha wachezaji wa mpira wa kikapu pamoja na chale zao, na kampuni iliyokuwa na haki za michoro ya baadhi ya chale hizo ikaenda mahakamani New York. Take-Two ilijitetea vipi? Kwamba michoro inaonekana kidogo sana, kwamba wachezaji walikuwa na ruhusa ya kuonyesha miili yao, na kwamba hayo ni matumizi ya haki. Mwaka 2020 ikashinda. Unaona? Ikiwa wao ndio wamechukua, sheria ina mlango. Ukiwa wewe, kuna ukuta.

Kwa sababu mlango wa Kenya ni mwembamba kweli. Matumizi ya haki kwetu yameorodheshwa: utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki, kuripoti matukio, tena utaje chanzo. Hadithi ya dereva wa muguka haingii popote hapo, hata uisukume vipi. Canada iliona shida hii ikaongeza kifungu mwaka 2012: mtu wa kawaida anaweza kutumia kazi iliyokwisha kuchapishwa kutengeneza kazi mpya na kuieneza, mradi haifanyi kwa biashara, anataja chanzo panapowezekana, nakala aliyotumia si ya wizi, na hamharibii mwenyewe soko lake. Masharti manne ambayo mtoto wa darasa la saba anaelewa. Wabunge wetu wamegusa sheria hii mara kadhaa na karibu kila mara kelele ilikuwa juu ya mirabaha ya wanamuziki. Hao wana haki ya kupiga kelele. Lakini ni nani aliyewahi kusimama kwa ajili ya wale wa simu iliyopasuka?

Na nyinyi mnaonipigia makofi mkifika hapa, ngojeni kidogo. Mnaoweka namba ya Till chini ya kila pichadithi, mnaouza fulana zenye skrinshoti ya GTA, mnasema "ya mtandaoni ni ya wote". Hapana. Makampuni mengi yameandika wazi yanachoruhusu, na mstari huwa pale pale, kwenye pesa. Kanuni za Microsoft kwa gemu zake zinakuruhusu kutengeneza vitu vyako bila biashara, na zinakukataza kuviuza. Rockstar nayo ina msimamo wa kuvumilia video zisizo za biashara. Ni kurasa mbili tatu za kusoma, na mnazipita mkibonyeza "nakubali". Kisha mtu akiwashusha mnalia ubeberu.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Tulichapa nakala arobaini kwa saiba moja ya hapa, tukaziuza shilingi hamsini hamsini, pesa ikaenda kwa mama ya marehemu. Zikaisha kwa siku mbili. Nia ilikuwa njema, na bado tuliuza barabara na mvua isiyo yetu, na Probox ya msee aliyeitoa bure. Huyo wa Probox tulimtafuta baadaye, yuko Thika. Alicheka, akasema tumtaje tu, na kwamba anatoa ruhusa kwa maandishi. Toleo la pili halitauzwa. Jina lake liko ukurasa wa kwanza, la Maleo linafuata, na mwenye kutaka kumsaidia mama atampa mkononi, si kupitia kitabu.

Ukurasa ule bado haujaitoa hadithi. Nimeiangalia leo asubuhi, imepata laiki nyingine mia nne. Kwenye picha ya 31, chini ya taa za lori, tuliandika "usingisi" badala ya "usingizi", kosa langu mwenyewe, nilichoka. Alifuta majina yetu matatu kwa uangalifu mkubwa. Hilo kosa hakuliona.