Barua kwa mameneja wa Bagamoyo: mashine iliyosomea muhogo wenu

Edmonton, Kanada

Ndugu zangu mnaoendesha shughuli huko nyumbani, tangu Mapinga na Kerege hadi Kiwangwa,

 

Siku hizi simu ya nyumbani haikatwi bila swali la akili mnemba. Mwenye nyumba ya wageni anataka kujua kama itamjibia wageni. Katibu wa SACCOS ameletewa mfumo wa kununua na kijana mwenye laptop na maneno mengi. Mkuu wa shule anahofu walimu wataacha kuandaa masomo. Mnaniuliza mimi kana kwamba kitu hiki kinatoka huku nilipo. Basi nawajibu wote kwa pamoja, na naanzia hapo hapo kwenu, maana moja ya mashine hizi ilisomea Bagamoyo.

Nje kidogo ya mji, kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, ile taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, watafiti walipiga picha majani ya muhogo kwa wiki nne, kwa kamera ya kawaida ya Sony. Zilipatikana picha 11,670. Wakazichuja zikabaki 2,756, kila moja na jina lake: hili lina batobato, hili michirizi ya kahawia, hili limeshambuliwa na utitiri, hili halina kitu. Kisha wakachukua programu ya Google iliyokwisha kufundishwa kutambua vitu vya kawaida pichani, wakaiongezea somo la muhogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: ilipopewa picha ambazo haikuwahi kuziona, ilipatia kwa asilimia 93.

Hakuna aliyeiandikia kanuni kwamba jani lenye rangi hii na mkunjo huu ni batobato. Ilionyeshwa mifano, ikakisia, ikasahihishwa, ikakisia tena, mara nyingi mno, hadi makosa yakapungua. Nyingi ya mashine mnazozisikia leo ni ndugu zake. Hata ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, ilifundishwa kwa namna hiyo, ila badala ya majani ililishwa maandishi yasiyo na idadi, na somo lake kuu likawa kukisia neno linalofuata. Ndiyo maana inaandika vizuri kuliko inavyojua. Ukiiuliza nauli ya boti ya kesho, nayo haina mahali pa kuitazama, inaweza kukuandikia jibu lililonyooka kabisa na nauli ya kubuni. Ni kama dalali wa mnada wa samaki pale ufukweni: ulimi haukwami, samaki awe wa alfajiri au wa jana.

Sasa kuna sehemu ambayo wauzaji hawaisemi. Watafiti walipoitia teknolojia ile kwenye simu na kuijaribu shambani, waliripoti mwaka 2019 kwamba kipimo cha utambuzi wake kilishuka kwa asilimia 32, hata kwa dalili zilizo wazi, kwa kuwa majani mengi yenye ugonjwa yaliipita bila kuyaona. Hawakuficha, wala hawakuitupa. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, IITA, FAO na wenzao, inayofanya kazi bila intaneti. Utafiti wa Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 2020 ukaipima katika kutambua dalili: Nuru ilipata asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Na shambani, ilipoonyeshwa majani sita ya mche mmoja, ilifika kati ya 74 na 88.

Mimi hapo ndipo ninapomwona meneja. Mashine ilikuwa ile ile. Aliyeongeza majani ni mtu. Na bado kuna kisichoonekana. Michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutoka Amani, Tanga, mwaka 1936, unaweza kuozesha mzizi ardhini huku majani yakionyesha dalili hafifu. Simu haichimbi. Mkulima wa Zinga ndiye anayechimba.

Tuje kwenye kaunta zenu. Mwenye nyumba ya wageni, Mjerumani amekuandikia kwa lugha yake. Usiiambie mashine "mjibu huyu" ukaenda zako. Iandikie hivi: "Mgeni anataka vyumba viwili tarehe 12 hadi 15 Agosti. Kimoja kipo siku zote, cha pili kipo kuanzia tarehe 13. Bei ni hii hapa. Kifungua kinywa kimo, usafiri wa kutoka Dar haumo. Andika jibu fupi la heshima kwa Kijerumani, usiongeze jambo ambalo sikukwambia, kisha nirudishie maana yake kwa Kiswahili." Hayo ndiyo majani sita. Ile tafsiri ya mwisho ni yako ya kukagua kabla hujatuma, maana mashine hizi hupenda kuahidi bwawa la kuogelea ambalo hamna.

Kazi nyingine zinazolipa ni zile zinazochosha: rasimu ya barua ya halmashauri, muhtasari wa kikao cha saa tatu, tangazo la kazi, maswali ya kumwuliza mkaguzi. Unaweza pia kupiga picha ukurasa wa daftari la mauzo ikakupangia jedwali, ila jumla ipige mwenyewe kwa kikokotoo. Bei ya mwani Mlingotini au ya nanasi Kiwangwa usiiulize mashine. Piga simu.

Katibu wa SACCOS, wewe nakuombea subira. Orodha ya wanachama yenye majina, namba za NIDA na mikopo yao isiingizwe kwenye programu ya bure ya simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Taarifa za mwanachama si mali yako ya kugawa, hata kama mwenye programu anasema atazitunza. Ukitaka msaada wa barua ya kudai deni, andika "mwanachama fulani", jina ulijaze mwenyewe baadaye.

Anayedhani kosa litabebwa na mashine asikie kisa cha huku. Mteja wa Air Canada aliyefiwa na bibi yake aliiuliza programu ya mazungumzo kwenye tovuti ya kampuni, ikamwambia anaweza kusafiri kwanza na kudai punguzo la msiba baadaye. Haikuwa hivyo, wakamkatalia. Kampuni ikajitetea kwamba programu ile inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia lilitupa hoja hiyo na kuamuru alipwe. Ikiwa shirika la ndege lenye mawakili lilishindwa, sioni nyumba ya wageni yenye vyumba vinane itakavyoshinda.

Kwa yule kijana mwenye laptop, mpeni kiti na soda, kisha muulizeni mambo matatu: mfumo wake ulifundishwa kwa taarifa za wapi, umepimwa kwa watu gani wanaofanana na wateja wenu, na mkataba unasema nani analipa ukikosea. Akijibu kwa maandishi, ujaribuni mwezi mmoja kwenye kazi moja ndogo, daftari la zamani likiwa bado wazi mezani. Asipojibu, msilipe.