Ushuru Umfuate Mnunuzi

Mkulima wa Laela akitaka simu, viatu au pampu ya kunyunyizia dawa, si lazima tena aende madukani Sumbawanga. Huchagua picha katika simu yake, hulipa kwa simu hiyo hiyo, na mzigo wake huja na basi litokalo Dar es Salaam kwa njia ya Mbeya na Tunduma. Hatuna ugomvi na jambo hilo; twalipenda, maana humpa mnyonge nafasi ya kulinganisha bei.

Ugomvi wetu ni juu ya ushuru. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 huipa halmashauri haki ya kutoza ushuru wa huduma, sehemu ndogo isiyofika hata asilimia moja ya mauzo. Kampuni yenye duka Sumbawanga huulipa Sumbawanga. Kampuni iuzayo humo kwa mtandao, isiyo na duka wala ghala wala karani, haidaiwi na Sumbawanga hata senti moja. Ikilipa, hulipa ilipo ofisi yake, yaani pwani, ambako fedha zimekwisha jaa.

Atakayesema senti hizo ni chache na akumbuke kwamba tangu mwaka 2018 sheria imetaka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe wanawake, vijana na wenye ulemavu. Ushuru ukipungua, mkopo wa mama alimaye ulezi hupungua pia. Na mwenye duka, aliyelipia leseni, pango na mashine ya risiti, hushindana na mtu asiyejulikana hata jina.

Wamarekani walisumbuka na jambo hili hili. Mwaka 1992 Mahakama yao Kuu iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji asiye na duka wala mtumishi jimboni akusanye kodi ya mauzo. South Dakota, jimbo la wakulima lisilotoza kodi ya mapato ya watu, liliumia sana. Likatunga sheria yake, likaishtaki kampuni ya Wayfair, na tarehe 21 Juni 2018 likashinda kwa kura tano dhidi ya nne. Lakini sheria hiyo iliwaacha wadogo: ilimgusa tu auzaye humo zaidi ya dola 100,000, au mara 200 na zaidi, kwa mwaka.

Twataka mfano huo wa kuwaacha wadogo ufuatwe, kwani kijana wa Sumbawanga auzaye maharage ya Ufipa kwa mtandao hawezi kujaza fomu za kila halmashauri. Mpaka tunao tayari: tangu mwaka 2023 mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 200 kwa mwaka halazimiki kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani. Walio juu ya mpaka huo wanajua kila mzigo walikoupeleka, maana waliandika wenyewe anwani yake. Na waitaje katika hesabu zao, ushuru uende huko. Wabunge wa Rukwa waliseme hili bajeti ijayo itakapojadiliwa Dodoma.