Tabia ya Mchezaji na Hukumu ya Karatasi

Imekuwa desturi katika viwanja vyetu, na hata katika meza za viongozi wa michezo, kumhukumu kijana kwa neno moja: huyu ana roho ngumu, yule ni mwoga, na huyu wa tatu ana hasira za haraka, hafai kukabidhiwa mkwaju wa penalti, na hukumu hiyo, ikishatamkwa na kocha mwenye jina, humwandama kijana mpaka atakapostaafu, ingawa aghalabu aliyeitamka alimwona akicheza mara mbili tu, tena uwanja ukiwa na tope. Sasa wapo wanaotaka kuivisha desturi hiyo joho la elimu, wakisema kwamba kila anayeomba kuingia timuni ajibu kwanza maswali ya kupima tabia, ndipo ijulikane kama anastahiki jezi. Mimi naona hiyo ni dhulma, na sisemi hivyo kwa kuidharau saikolojia ya michezo, bali kwa kuifuata mpaka ilikofika.

Kuwagawa watu kwa silika zao ni jambo la kale. Matabibu wa Kiyunani, ambao elimu yao iliwafikia waganga wa mwambao wetu kwa njia ya Waarabu, walisema kwamba mwili una damu, balghamu, safura na sauda, na kwamba kinachozidi humo ndicho kinachompa mtu hulka yake. Wanazuoni wa karne ya 20 waliacha maji ya mwili wakashika hesabu. Mwaka 1936 Gordon Allport na mwenziwe Odbert walikusanya kutoka katika kamusi ya Kiingereza maneno yapatayo 18,000 yanayomwelezea mtu. Raymond Cattell akayachuja hata akabakiwa na sifa 16, ambazo kipimo chake kilichapishwa mwaka 1949. Na Hans Eysenck, mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi London, akaona hata hizo ni nyingi, zatosha mbili kuu, yaani kupenda watu au upweke, na utulivu au wahaka. Huko California, Bruce Ogilvie na Thomas Tutko walitoa mwaka 1966 kitabu juu ya wanamichezo wasumbufu na namna ya kuwaongoza, kisha wakatunga maswali yao wenyewe ya kupima hima ya mwanamichezo, ambayo makocha wengi wa Marekani waliyapokea kwa shangwe.

Shangwe hiyo haikudumu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alionyesha kwamba uhusiano baina ya sifa iliyopimwa kwa karatasi na tendo analolifanya mtu kwa kweli ni nadra kupita 0.30, maana yake sifa hiyo yaeleza kama sehemu 9 katika 100 tu za tofauti za watu, na zilizosalia zatafutiwa sababu pengine. Naye mwanasaikolojia Kurt Lewin alikwisha kusema tangu 1936 kwamba tendo ni zao la mtu na mazingira yake kwa pamoja. Wataalamu wa michezo wakagawanyika, hawa wenye imani na wale wenye shaka, wakabishana kwa miaka.

Kwa mfano wa nguvu ya mazingira hayo, na tumtazame Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, alishika uongozi wa mbio za mita 1500 tangu mwanzo, na John Walker wa New Zealand alipomkaribia kuelekea utepe, Bayi hakumpisha, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Na Walker mwenyewe, aliyekuwa wa pili, naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani. Lau angalikuwapo siku ile mtu wa maswali, angaliandika kwamba hapa pana ushujaa wa kuzaliwa nao. Miaka 6 baadaye, katika Olimpiki ya Moscow, kwenye fainali ya mita 3000 za kuruka viunzi na maji, Bayi alikimbia kwa mtindo ule ule wa kutangulia, akawaacha wenzake mbali. Lakini mbio zile zina viunzi na dimbwi vinavyomla mkimbiaji nguvu kila mzunguko, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita, Bayi akarudi nyumbani na nishani ya fedha (na fedha ile si haba, kwani yeye na Suleiman Nyambui ndio waliotupatia nishani zetu za kwanza za Olimpiki). Ushujaa ule ule wa Christchurch, mtu asiyemjua angaliuita utovu wa subira Moscow; na hali silika ni ile ile, masafa, viunzi na aliyekuwa nyuma yake ndivyo vilivyobadilika.

Tena kuna udhaifu usiohitaji mwanachuoni kuuona. Kijana akiulizwa kama hutetemeka kabla ya mchezo, naye ajua jibu litasomwa na yule yule atakayempanga au kumwacha, ni nani atakayejibu ndiyo?

Zipo, hata hivyo, karatasi zenye faida. William Morgan wa Wisconsin alitumia maswali yanayopima hali ya moyo ya siku zile, si tabia ya kudumu, akaona kwamba wanamichezo bora aghalabu wana uchangamfu mwingi na uchovu, huzuni na hasira kidogo. Kwa kumteua bingwa, mpangilio huo wa hali za moyo haukufaa kitu: waliozijumlisha tafiti za jambo hilo mwaka 1995 waliona waeleza pungufu ya sehemu 1 katika 100 za tofauti za ufanisi wa wanamichezo. Lakini Morgan huyo huyo aliwafuatilia waogeleaji wa chuo kikuu kwa miaka mingi, akakuta kwamba mazoezi yalipozidi, uchovu na huzuni vilipanda na uchangamfu ukashuka, na yalipopunguzwa, hali ikarejea. Hapo karatasi inamtumikia mchezaji, kwani yamwonya kocha kwamba anawachosha vijana kabla miguu yao haijavunjika.

Kwa hiyo klabu au chama kitakachoyataka maswali hayo na kiyatumie baada ya kikosi kuteuliwa. Majibu yawe mali ya mchezaji na mtaalamu anayemhudumia, kocha asiyasome ila kwa idhini ya kijana, wala yasiingie kamwe katika faili la uteuzi.